Kabla hujamkabidhi mkandarasi kiwanja chako

Katika kila eneo la ujenzi linalofuata taratibu hapa nchini, kabla hujafika kwenye mchanga na kokoto utakutana na bango. Limeandikwa jina la mradi, mmiliki, msanifu aliyechora ramani, mhandisi mshauri, mkadiriaji majenzi, na mkandarasi anayejenga. Wengi wetu hulipita bango hilo kama tunavyopita matangazo ya vyumba vya kupanga yaliyobandikwa kwenye nguzo. Laiti tungesimama na kulisoma. Bango hilo ni tamko la hadharani kwamba kuna watu waliokubali kubeba dhamana ya jengo, na kwamba kila mmoja wao anajulikana na bodi inayoweza kumwita, kumhoji na, akibainika amekosa, kumfuta.

Nenda sasa kule ambako wengi wetu ndiko tunakojenga: Goba, Kivule na Chanika jijini Dar es Salaam, Buswelu kule Mwanza, Nkuhungu kule Dodoma. Nyumba zinainuka kila wiki, za chini na za ghorofa, na mabango ni ya kutafuta. Utamkuta fundi na vibarua wake, lundo la matofali, pipa la maji, na mwenye nyumba anayefika Jumapili baada ya ibada. Aliyepewa kazi alipatikana kwa shemeji, kwa dalali aliyeuza kiwanja, au kwenye picha za Instagram. Aliulizwa bei, akaulizwa ataanza lini. Swali la amesajiliwa wapi halikuulizwa kabisa.

Na hata pale linapoulizwa, mara nyingi huishia mahali pasipofaa: mkandarasi anafungua begi, anatoa cheti kilichowekwa kwenye plastiki, mteja anatikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo penye shida. Uhalali wa mkandarasi hauthibitishwi na karatasi aliyoibeba mwenyewe. Unathibitishwa na bodi iliyomsajili, halafu unathibitishwa tena na mtu utakayemkuta juu ya nondo siku ya kumwaga zege.

Sheria inavyosema

Bodi ya Usajili wa Makandarasi (CRB) iliundwa kwa Sheria ya Usajili wa Makandarasi, Namba 17 ya mwaka 1997. Mwaka huohuo zilitungwa pia sheria za kusajili wahandisi, na wasanifu majengo pamoja na wakadiriaji majenzi. Hii ya mwisho iliandikwa upya mwaka 2010. Ndiyo maana leo zipo bodi tatu ambazo mtu yeyote anayejenga anapaswa kuzijua: CRB kwa makandarasi, ERB kwa wahandisi, na AQRB kwa wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi. Nazungumzia Tanzania Bara, kwa kuwa Zanzibar ina taratibu zake.

Msingi wa sheria ya makandarasi ni mwepesi kueleweka: biashara ya ukandarasi haifanywi bila usajili. Lakini usajili wenyewe haumpi mtu ruhusa ya kujenga chochote atakacho. Umegawanywa kwa aina na kwa daraja. Kuna makandarasi wa majengo, wa barabara na kazi nyingine za kihandisi, wa umeme, wa mitambo, na wa kazi maalumu. Kwa aina nne za kwanza kuna madaraja saba. Kwa kazi maalumu kuna matatu. Daraja la Kwanza halina kikomo cha thamani ya kazi. Kuanzia la Pili kushuka, kila daraja limewekewa kiwango cha fedha ambacho mkandarasi haruhusiwi kukivuka katika mradi mmoja.

Daraja halitolewi kwa ukubwa wa jina wala kwa wingi wa magari yaliyoegeshwa nje ya ofisi. Bodi hutazama elimu na uzoefu wa wataalamu walio ndani ya kampuni, mitambo iliyonayo, na uwezo wake wa kifedha. Ukielewa hilo utaelewa pia kwa nini kampuni iliyosajiliwa kwa haki kabisa katika Daraja la Saba inaweza kuwa chaguo baya kwa jengo lako la ghorofa nne. Haijadanganya mtu. Imechukua tu mzigo ambao bodi ilishapima na kuona hauwezi.

Jambo jingine ambalo wateja wengi hawalijui ni kwamba usajili haukai milele. Kampuni hulipa ada kila mwaka, na isipolipa, au ikikiuka masharti, inaweza kufutwa. Bodi imekuwa ikitangaza majina ya makandarasi iliowafuta. Kwa hiyo cheti cha mwaka 2015 kinaweza kuwa kilitolewa na bodi kweli, mhuri wake ni wa kweli na saini ni ya kweli, na bado aliyekishika akawa alishaondolewa kwenye orodha zamani.

Tuliyojifunza kwa vifo

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, Machi 29, 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya Dar es Salaam, lilianguka na kuua watu 36. Taarifa zilizotolewa wakati ule zilieleza kuwa ghorofa zilizojengwa zilizidi zilizoidhinishwa. Miaka 11 baadaye, Jumamosi ya Novemba 16, 2024, jengo la biashara liliporomoka Kariakoo wakati wafanyabiashara na wateja wakiwa wameanza siku. Watu zaidi ya 20 walipoteza maisha, na kwa siku kadhaa nchi nzima ilikuwa inasikiliza sauti za waliokwama chini ya kifusi. Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza ukaguzi wa majengo ya Kariakoo, na Waziri Mkuu wa wakati huo, Kassim Majaliwa, akaunda tume ya kuifanya kazi hiyo.

Kwa jirani zetu Kenya, usiku wa Aprili 29, 2016, mvua ikiwa imenyesha sana, jengo la makazi la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50. Lilikuwa limejengwa kando ya mto bila idhini. Sheria iliyounda Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi ya Kenya (NCA), inayosajili makandarasi katika madaraja manane na kuwatambua hata mafundi na wasimamizi wa maeneo ya ujenzi, ilikuwa imepitishwa mwaka 2011.

Nayataja maafa haya kwa sababu moja. Katika kila moja, sheria ilikuwepo na ofisi ya kusajili ilikuwepo. Kilichokosekana kilikuwa tofauti kutoka jengo moja hadi jingine: hapa kibali, kule usimamizi, kwingine utii wa ramani. Lakini kila jengo lilikuwa na mwenye fedha aliyeamua nani aguse msingi na nani azidishe ghorofa. Wakaguzi wa serikali hawawezi kusimama kwenye kila kiwanja. Anayelipa yupo, na akifunga mkoba kazi inasimama siku hiyohiyo.

Mambo ya kulinganisha

Uhakiki wa mkandarasi hauhitaji wakili wala fedha nyingi. Unahitaji mambo matano yalinganishwe, moja baada ya jingine, kabla fedha yoyote haijatoka.

La kwanza ni jina. Andika jina la kampuni kama lilivyo kwenye cheti, herufi kwa herufi, pamoja na namba ya usajili. Kampuni mbili zinaweza kufanana majina kwa tofauti ya neno moja tu, na mjanja anajua hivyo. Jina hilo lifanane na lililosajiliwa kwa Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), na lifanane na jina la akaunti ya benki utakayoambiwa uingize fedha. Ukiona kampuni inaitwa hivi, na fedha zinatakiwa kwenda kwenye simu ya mtu anayeitwa vingine, simama hapo kwanza.

La pili ni aina. Mkandarasi aliyesajiliwa kwa kazi za barabara hajasajiliwa kwa majengo, hata kama anamiliki mtambo wa kuchanganyia zege unaong'aa. Anaweza kuwa amesajiliwa kwa aina zaidi ya moja, na hilo ni jema, ila lisomeke kwenye orodha ya bodi, lisiishie kwenye maneno ya mdomo.

La tatu ni daraja. Hapa wengi hujikwaa kwa sababu hukadiria thamani ya mradi kwa fedha za ufundi peke yake. Thamani ya kazi inayopimwa ni ya jengo zima: saruji, nondo, mbao, bati, ufundi na usimamizi. Ndiyo maana ni vizuri kuwa na makadirio ya mkadiriaji majenzi mkononi kabla ya kumtafuta mkandarasi. Ukishajua nyumba yako itagharimu kiasi gani, uliza bodi kama daraja la kampuni hiyo linaruhusu kazi ya thamani hiyo. Usiulize kampuni yenyewe.

La nne ni mwaka. Uliza kama usajili uko hai mwaka huu, na kama kampuni imewahi kusimamishwa au kufutwa.

La tano ni mtu. Hili nitalizungumzia kwa kirefu, maana ndipo palipojificha udanganyifu mkubwa.

Manne ya mwanzo yana majibu yake kwenye tovuti ya CRB, ambako orodha ya makandarasi waliosajiliwa inaweza kutafutwa kwa jina. Anayependa kuzungumza na mtu ana kwa ana anaweza kufika kwenye ofisi za bodi, ambayo ina ofisi za kanda katika miji kama Dar es Salaam, Mwanza, Arusha na Mbeya. Kwa mradi mkubwa, andika barua na uombe majibu kwa maandishi. Jibu lenye mhuri ni ushahidi utakaokufaa kama mambo yataharibika. Kwa upande wa Kenya, NCA nayo ina utaratibu wa kutafuta mkandarasi kwenye mtandao wake. Mkandarasi wa kweli hatakasirika ukimwambia unapita kwanza kwenye bodi. Analipa ada kila mwaka ili atambulike, na wewe ndiye unayeipa ada hiyo maana.

Cheti cha kuazima

Tuseme yote manne yamelingana. Jina lipo, aina ni majengo, daraja linatosha, ada ya mwaka imelipwa. Mteja anasaini. Wiki ya tatu anafika kiwanjani, anamkuta fundi asiyemjua akiwa na vijana wanane. Anauliza mkandarasi yuko wapi. Anaambiwa, "Bosi yuko Dodoma, ana kazi nyingine." Wiki ya sita jibu ni lilelile. Mkandarasi aliyesajiliwa haonekani tena mpaka siku ya kudai malipo, na pengine hata siku hiyo anamtuma kijana.

Huku ndiko kuazimana vyeti. Kampuni yenye usajili inamkodishia jina lake mtu asiye nao, inachukua asilimia yake na kuondoka. Kwenye karatasi kila kitu ni halali. Kiwanjani anajenga mtu ambaye bodi haimjui, haijawahi kumpima na haina namna ya kumwadhibu. Yule aliyeuza jina ana kila sababu ya kusema hakuwepo, na aliyekuwepo ana kila sababu ya kusema yeye alikuwa fundi tu.

Dawa yake inaanza kabla ya kusaini. Waombe wakutajie, kwa jina na namba ya usajili, mhandisi au fundi sanifu wa kampuni atakayesimamia kazi yako kila siku. Kama ni mhandisi, jina hilo linaweza kuthibitishwa ERB. Liandikwe kwenye mkataba. Kisha omba upelekwe kwenye jengo ambalo kampuni hiyo inalijenga sasa hivi, ambalo halijapakwa rangi. Jengo lililokamilika linaonyesha vigae na taa. Linaloendelea linaonyesha tabia ya anayejenga.

Ukifika huko, zungumza na mwenye jengo faraghani. Muulize maswali mawili tu: msimamizi hufika mara ngapi kwa wiki, na ni nani hulipa vibarua. Ukisikia kuwa vibarua hulipwa na fundi kutoka mfukoni mwake na kampuni haijulikani hata kwa mlinzi, umeshapata jibu.

Siku ya kumwaga zege

Kama kuna siku moja ambayo mwenye nyumba hapaswi kukosa kiwanjani, ni siku ya kumwaga zege la sakafu ya ghorofa, ile ambayo mafundi huiita slabu. Siku hiyo ndiyo usajili unageuka kuwa kitu cha kuonekana kwa macho, au unabaki kuwa karatasi.

Pale ambapo mkandarasi ni wa kweli, siku hiyo huanza kabla ya mashine kuwashwa. Mhandisi au msimamizi hupanda juu akiwa na mchoro. Anahesabu nondo, anapima umbali kati ya moja na nyingine, anatazama kama unene wake ndio ulioandikwa kwenye mchoro, na kama zimekaa juu ya biskuti za zege ili zisilale kwenye mbao. Nondo iliyolala kwenye mbao itabaki wazi zege likishakauka, itapata unyevu na kuota kutu, na nondo yenye kutu huvimba na kupasua zege lililoizunguka. Anashuka chini kutazama mirunda: imesimama wima, imekaa juu ya kitu kigumu, imefungwa. Ndipo anaruhusu mashine iwashwe.

Kazi ikianza, macho yake huwa kwenye maji. Zege jepesi hubebeka na kusambazika kwa urahisi, na kijana aliyechoka hutamani kuongeza ndoo moja ya maji ili mambo yaende. Ndoo hiyo huondoa nguvu ya zege. Msimamizi anayejua kazi yake anakataa, na anachukua sampuli za zege, vipande vya mchemraba vitakavyopondwa maabara baada ya siku 7 na baada ya siku 28, ili ijulikane kama nguvu iliyotarajiwa imepatikana. Kesho yake anarudi kuhakikisha slabu inamwagiwa maji, na anaandika tarehe ambayo mirunda itaruhusiwa kutolewa.

Pale ambapo jina limekodishwa, hakuna mchoro juu. Nondo zimepangwa kwa mazoea: "Hivi ndivyo tulivyofanya ile ya Mbezi." Mirunda inatolewa mapema kwa sababu inahitajika kwingine na inakodishwa kwa siku. Mwenye nyumba anapiga picha na kuituma kwa ndugu zake. Kwa macho ya mbali, slabu zote mbili zinafanana.

Mhuri kwenye fomu ya umeme

Kuna kona nyingine ambako usajili hununuliwa kama bidhaa, nayo ni umeme. Mafundi umeme hupewa leseni na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA) kwa madaraja kulingana na kazi wanazoruhusiwa kufanya. Mteja anapoomba kuunganishiwa umeme na TANESCO, fomu yake huhitaji taarifa na mhuri wa mtaalamu mwenye leseni aliyefunga nyaya za nyumba hiyo.

Mtaani kuna desturi mbaya. Nyaya zinafungwa na kijana asiye na leseni, kisha anatafutwa mwenye leseni wa kugonga mhuri kwa malipo kidogo. Aliyegonga hakuingia ndani ya nyumba. Hakupima njia ya ardhini, wala hakutazama kama waya wa taa umebebeshwa jiko. Familia inahamia ikiamini mtaalamu amekagua, kwa kuwa fomu inasema hivyo.

Ndugu msomaji, ukilipa mhuri bila kazi, umelipa ili udanganywe. Mwenye leseni aje, apime mbele yako, na awe tayari kukueleza alichopima. Leseni yake nayo ithibitishwe EWURA kwa njia ileile ya kwenda kwa aliyeitoa.

Wanaojenga kwa simu

Wako Watanzania wengi walioko Muscat, London, Minneapolis na kwingineko wanaojenga nyumbani kwa fedha wanazotuma kila mwezi. Hawa ndio wanaoumia zaidi, kwa kuwa kila wanachokijua kuhusu jengo lao kinapita kwa ndugu mmoja na kwa picha za WhatsApp. Picha ya msingi inaweza kuwa ya kiwanja cha jirani. Risiti ya mifuko mia ya saruji inaweza kuwa ya kweli na mifuko yenyewe ikawa sitini.

Kwao, kuhakiki mkandarasi ni jambo linalowezekana bila kupanda ndege. Orodha ya bodi iko mtandaoni, ya BRELA iko mtandaoni, na barua pepe kwenda bodi hufika kutoka popote. Nawashauri jambo moja zaidi: mtu anayesimamia asiwe ndugu wa kumwonea aibu. Mpeni kazi hiyo mhandisi aliyesajiliwa, kwa mkataba wake peke yake, asiye na uhusiano na mkandarasi, ambaye kazi yake ni kukagua na kuandika ripoti kabla ya kila malipo. Ndugu abaki kuwa ndugu. Wengi wamepoteza nyumba, na wengine wamepoteza nyumba na kaka kwa pamoja.

Hoja ya gharama

Nawasikia wanaosema mkandarasi aliyesajiliwa ni ghali, na kwamba baba zetu walijenga kwa mafundi wa mtaani na nyumba bado zimesimama. Hoja hiyo haistahili kubezwa. Nchi hii imejengwa na mafundi. Wapo waliopita vyuo vya VETA na wapo waliojifunza kwa mikono ya wajomba zao, wenye jicho la kuona tofali lililopinda kabla ya pima maji. Kwa nyumba ya chini ya vyumba vitatu, familia nyingi zitaendelea kuwategemea, na wanastahili heshima na malipo yao.

Lakini nyumba ya baba ilikuwa ya chini. Kijana wake leo anataka ghorofa kwenye kiwanja kidogo, juu ya udongo wa mfinyanzi unaovimba masika na kupasuka kiangazi, ukuta wake ukipakana na wa jirani. Nguzo ikikosewa unene, jicho la fundi haliwezi kuliona hilo. Linaonekana kwenye hesabu za mhandisi. Asiyeweza kumudu kampuni kwa kazi nzima, basi angalau amlipe msanifu na mhandisi waliosajiliwa wachore, kisha mhandisi akague msingi, nguzo na slabu. Fedha hiyo ni ndogo mbele ya gharama ya kubomoa.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye makadirio. Kibarua akianguka kutoka kwenye jukwaa, nani atamtibu? Kampuni iliyosajiliwa kama mwajiri hutakiwa kuchangia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), na eneo lake la kazi liko chini ya macho ya Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA). Kwa kikundi kisicho na usajili, aliyevunjika mguu huletwa kwenye mlango wa mwenye nyumba. Rahisi, kama wahenga walivyoona zamani, huja kuwa ghali.

Kwenye mkataba

Uhakiki ukikamilika, matokeo yake yaingizwe kwenye maandishi. Mkataba utaje namba ya usajili, aina na daraja la mkandarasi, na useme wazi kwamba hataruhusiwa kumkabidhi mtu mwingine kazi bila ridhaa yako ya maandishi. Useme kwamba usajili ukifutwa au ukisimamishwa, una haki ya kusitisha. Malipo yafuate hatua zilizokaguliwa: msingi, jamvi, ukuta, slabu, paa. Sehemu ya fedha izuiwe mpaka kipindi cha kurekebisha kasoro kiishe, ambacho kwa kawaida huwa kati ya miezi sita na mwaka. Mvua moja ya masika hufichua mengi ambayo rangi mpya iliyafunika.

Uliza pia kama mkandarasi ameusajili mradi wako kwa bodi kabla ya kuanza, maana anatakiwa kufanya hivyo. Mradi usiosajiliwa ni mradi ambao bodi haijui kama upo. Na kibali cha ujenzi kutoka halmashauri kiwe mkononi mwako. Usikubali kuambiwa kinashughulikiwa huku shimo la msingi linachimbwa.

Wajibu wa wanaosajili

Haya yote yana maana ikiwa orodha yenyewe ni ya kuaminika. Mwezi Mei 2024 jengo la ghorofa tano lililokuwa likijengwa katika mji wa George, Afrika Kusini, liliporomoka na kuua wafanyakazi 34, baadhi yao wahamiaji kutoka Malawi, Msumbiji na Zimbabwe. Uchunguzi ulibaini kuwa usajili wa mradi huo katika baraza linalosimamia wajenzi wa nyumba ulipitishwa kinyume cha taratibu. Mnunuzi wa nyumba angefanya nini zaidi? Angeuliza, na orodha ingemjibu vibaya.

Ndiyo maana bodi zetu hazina budi kulinda orodha zao kama benki inavyolinda daftari la amana. Aliyefutwa leo asionekane hai kesho kwenye mtandao. Anayekodisha jina lake afutwe na atangazwe, ili anayefikiria kufanya hivyo ajue gharama yake. Halmashauri nazo, zinapotoa kibali cha jengo la ghorofa, zimtake mwombaji aonyeshe mkandarasi wake ni nani, na ofisa wa jengo apite kumkuta mtu huyo kiwanjani. Serikali inapotoa kazi zake kupitia mfumo wa manunuzi wa NeST, usajili wa mkandarasi huwa sharti. Mwananchi anayejenga kwa mkopo wa miaka saba anastahili ulinzi wa kiwango hichohicho.

Wakati tunausubiri, ulinzi huo uko mikononi mwetu. Wewe unayepanga kuanza msingi mvua zikikatika: kabla ya kulipa shilingi ya kwanza, chukua jina na namba ya usajili ya mkandarasi wako, uyapeleke CRB, uulize aina, daraja na uhai wa usajili huo. Kisha umtake kwa jina mtu atakayesimama kwenye slabu yako, na siku ya zege ikifika, nenda ukamwone. Asipokuwepo, usiruhusu zege limwagwe.